Soni: Neno, Matumizi Yake na Utu Wetu

Lugha yetu ya Kiswahili haina uhaba wa maneno ya kueleza hali ile impatayo mtu macho yakainama, ulimi ukawa mzito, na mikono ikakosa mahali pa kukaa. Twasema mtu ameona haya, ameona soni, ametahayari, ameaibika, amefedheheka, ameumbuka au ameadhirika. Mwenye haraka huyachukua maneno haya yote kuwa ni mamoja, akayatumia kama mtu ashikaye jembe lolote lililo karibu. Lakini lugha haifugi maneno saba kwa kazi moja. Kila moja lina pahala pake, na anayeyachanganya huchanganya pia mambo ambayo maneno hayo yaliumbwa kuyatenga.

Katika insha hii twakusudia kulitazama moja kati ya hayo, nalo ni soni. Tutalilinganisha na jamaa zake, kisha tutalifuata hadi nchi ya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako lilipewa kazi kubwa kuliko ya kuwa neno tu, maana huko lilipanga watu mahali pa kujenga, njia ya kupita na majina ya kutamka. Swali tutakalojiuliza ni hili: Je, soni ni fadhila tunayopaswa kuwarithisha vijana wetu, au ni kifungo tunachopaswa kuwafungulia? Swali hilo si la kupitishia wakati. Mwalimu hulijibu kila siku darasani, hata kama hajui kwamba analijibu.

Tuanze na nasaba ya maneno yenyewe. Haya, aibu, fedheha na tahayari yametufikia kutoka katika Kiarabu, yakakaa, yakazaa, na leo ni wenyeji kamili. Soni ni mwana wa Kibantu. Wayao husema soni, Wanyakyusa husema isoni, Wanyarwanda na Warundi husema isoni, Waganda husema ensonyi, nao Wakikuyu husema thoni. Tena kwa Wakikuyu mkwe huitwa muthoni, jina ambalo pia hupewa wasichana. Neno la soni na neno la ukwe hapo yametoka katika shina moja. Jambo hilo tuliweke akibani, maana litatusaidia tutakapofika Kyela.

Sasa tuyatazame maneno haya yakiwa kazini. Haya na soni twasema tunaziona: nimeona haya, nimeona soni, kama tusemavyo tumeona baridi au tumeona njaa. Ni hisia inayomjia mtu kwa ndani, mara nyingi kabla ya tendo. Mtu huona haya kula peke yake na mgeni ameketi. Huona soni kumkatiza mzee maneno. Ndiyo maana kusema fulani ana haya ni kumsifu, na kusema hana haya ni kumtusi. Tena wahenga wamesema uso umeumbwa na haya, wakiwa na maana kwamba ni vigumu kumnyima mtu aliyesimama mbele yako, ingawa ni rahisi kumnyima akiwa mbali.

Aibu ni kitu kingine. Asili yake ni ila, dosari, doa lililokwisha kuingia. Methali isemayo aibu ya maiti aijuaye mwosha haisemi kwamba maiti anaona haya. Yasema kwamba mwili una ila zake zilizofichika, na aujuaye undani ni yule aliyekabidhiwa kuuosha. Kwa maana hiyo ya kale, hata chungu chenye ufa kina aibu. Wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu huko Ikombe, vikasafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Mnunuzi mwerevu hukigonga chungu kwa kidole asikilize mlio wake, maana ufa hausemi mpaka uguswe. Aibu, basi, ni ya kitu kilichoharibika, na haya ni ya mtu anayejilinda asiharibike.

Fedheha ni mbali zaidi. Kitenzi chake cha kawaida ni fedhehesha, na kitenzi hicho kinadai watu wawili: mwenye kutenda na mwenye kutendwa. Fedheha huletwa na mkono wa mwingine, tena mbele ya watu. Na tahayari, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kushikwa na bumbuazi, kutojua la kufanya. Mtu aweza kutahayari bila ya kosa lolote. Aliyesifiwa kupita kiasi mbele ya wageni hutahayari, na aliyeingia chumbani asijue kuwa mna watu wanaozungumza siri naye hutahayari.

Kwa hiyo twaweza kuyapanga hivi: haya na soni ni mlinzi wa mlangoni, tahayari ni kujikwaa kizingitini, aibu ni doa lililobaki sakafuni, fedheha ni jirani aliyewaita watu waje kulitazama doa hilo.

Siku hizi mpangilio huu umeanza kuvurugika. Kijana asiyependa kusimama mbele ya darasa husema, "Naona aibu." Mzazi naye humwambia mgeni, "Mtoto huyu ana aibu sana." Hatusemi kwamba wamevunja sarufi, kwani lugha hutembea na wenye nayo hawawezi kuifunga kamba. Lakini tuangalie kilichopotea njiani. Mtoto ambaye wazee wake wangesema ana haya, yaani ana kitu chema ndani yake, sasa anaambiwa ana aibu, yaani ana ila. Akisikia hivyo kutwa kucha, huenda akasadiki kwamba ule upole wake ni ufa katika chungu. Hapo ndipo uchambuzi wa maneno unapokuwa jambo la malezi.

Basi twende Kyela. Wilaya hiyo ya Mkoa wa Mbeya imelala katika uwanda wa chini baina ya vilima vya Rungwe na maji ya Ziwa Nyasa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huushukia uwanda huo, na mvua zake ni nyingi. Ndiyo sababu nchi hiyo inasifika kwa mpunga, migomba na kakao. Upande wa magharibi Mto Songwe ndio mpaka wetu na ndugu zetu wa Malawi. Wenyeji wengi ni Wanyakyusa.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakichunguza maisha yao. Mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha kitabu kiitwacho Good Company, jina ambalo limetokana na neno la Kinyakyusa ukwangala, yaani kuketi pamoja, kula, kunywa na kuzungumza na wenzako kwa furaha. Kitabu hicho chaeleza habari ya vijiji vya marika. Wavulana walipofikia umri wa miaka kama kumi hivi, waliondoka kulala nyumbani kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao kando, rika moja mahali pamoja. Waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi, leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Walipooa, waliwaleta wake zao katika kijiji kilekile cha rika lao. Hivyo baba hakuishi kijiji kimoja na wanawe waliokua, bali kila kizazi kilikuwa na kijiji chake.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Zipo sababu nyingi, lakini moja iliyotajwa na wenyeji wenyewe ni soni. Haikufaa kijana anayebaleghe alale mahali ambapo atasikia mazungumzo ya usiku ya wazazi wake. Wala haikufaa mke wa kijana aishi mahali atakapokutana kila saa na baba wa mumewe. Maana mkamwana na baba mkwe walipaswa kuepukana kabisa: wasitazamane uso kwa uso, wala wasikae chini ya paa moja, na mkamwana asilitamke jina la mkwe wake wala neno linalofanana nalo. Wanyakyusa wana jina la desturi hiyo ya kuepuka: ingamwana. Mwanamke aliyeolewa ilimbidi ajifunze maneno mengine ya kuitia vitu vya kila siku, iwapo jina la mkwe lilikaribiana na jina la kitu hicho.

Hapa tulichukue lile tuliloliweka akibani. Wakikuyu wako mbali na Ziwa Nyasa, wala hatudai kwamba kabila moja limeiga kwa jingine. Lakini lugha yao imeunganisha soni na ukwe katika shina moja, na Wanyakyusa wameviunganisha katika ramani ya vijiji. Wote wawili wanatuonyesha kwamba wazee wetu hawakuiona soni kuwa ni udhaifu wa mtu mmoja mmoja. Waliijua kuwa ni chombo cha ujenzi. Mahali ambapo watu wengine wangejenga ukuta wa mawe, wao walijenga soni, na ukuta huo ulisimama.

Lakini ukuta wa soni ulilindwa na nani? Ulilindwa na watu wote. Wanyakyusa walisema juu ya embepo sya bandu, yaani pumzi au upepo wa watu. Mtu alipotenda jambo la kuchukiza, tuseme amemtukana baba yake au amevunja heshima ya ukwe, majirani walinong'ona, na manung'uniko yao yalisadikiwa kuwa na baridi inayoweza kumgonjesha mkosaji au jamaa zake. Msomaji wa leo hana haja ya kusadiki kwamba pumzi huleta homa ili aone hekima iliyomo. Hakuna aliyewahi kusikia watu wakinyamaza ghafla anapoingia, asihisi baridi mwilini.

Yapo mambo mawili katika imani hiyo ambayo twayaona kuwa ni ya thamani. La kwanza, pumzi iliyoumiza ilitoka kwa watu wanaomjua mkosaji, waliolima naye na kula naye. La pili, ugonjwa huo ulikuwa na dawa. Mkosaji aliungama, akatoa chakula, watu wakaja wakasema yaliyokuwa mioyoni mwao, wakala pamoja naye. Baada ya hapo baridi iliondoka. Yaani soni ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Aliyekosa alitiwa haya ili arudi. Hakutiwa haya ili apotee.

Hata hivyo, insha inayosifu mila bila ya kuipima haiwafai wanafunzi. Ni lazima tuulize: mzigo wa ukuta huo ulibebwa na nani? Kwa maneno, desturi iliwafunga wote wawili, mkwe na mkamwana. Kwa vitendo, aliyepaswa kubadili msamiati wake ni mwanamke. Tukichukua mfano wa leo, tuseme mkamwana ni mwalimu, na katika daftari lake la mahudhurio yumo mwanafunzi mwenye jina lilelile la baba mkwe wake. Je, asimwite mtoto huyo jina lake mwaka mzima? Au tuseme ni muuguzi wa zamu usiku, na mgonjwa anayeletwa akihema kwa shida ni mkwe wake. Je, ageuke ukutani?

Hatudhani kwamba mzee yeyote mwenye busara wa Kyela angemtaka muuguzi ageuke ukutani. Na akieleza sababu, atakuwa ametupatia kanuni tunayoitafuta. Desturi ile iliwekwa ili kulinda heshima na uhai wa watu wa nyumba mbili. Pindi inapodai uhai huo uachwe, imeisaliti kazi yake. Soni ni mtumishi wa utu. Siku ambapo utu unalazimishwa kuitumikia soni, mambo yamepinduka.

Wanafalsafa wa nchi nyingine nao wamelipima jambo hili. Katika Protagora, maandishi ya Plato, Myunani wa kale, mna hadithi kwamba watu wa kwanza walikuwa na ufundi wa kila namna lakini hawakuweza kuishi pamoja, kwa kuwa walidhulumiana. Ndipo mungu wao mkuu akawapelekea vitu viwili, haya na haki. Alipoulizwa kama avigawe kwa wachache, kama ulivyogawanywa uganga, alijibu kwamba vigawiwe wote, maana mji hauwezi kusimama ikiwa ni wachache tu wenye navyo. Aristotle, aliyekuwa mwanafunzi wa Plato, alisema kwamba haya si fadhila kamili bali ni hisia. Yawapendeza vijana, kwa kuwa huwazuia wakati tamaa zao zina nguvu, lakini mtu mzima hapaswi kusifiwa kwa haya, kwa sababu yampasa asifanye kabisa jambo la kumtia haya.

Twamheshimu Aristotle, lakini katika hili mwambao wa Ziwa Nyasa una jambo la kumwongezea. Yeye aliitazama haya kama hofu ya mtu juu ya sifa yake mwenyewe. Mkwe wa Kinyakyusa aliyepotoka njiani asikutane na mkamwana wake hakuwa akiogopa kuharibikiwa sifa tu. Alikuwa akimwachia mwenzake nafasi. Mzee aliyekohoa kabla ya kukaribia ua wa jirani hakuwa na kosa lolote la kuficha. Alikohoa ili waliomo ndani wapate kujistiri. Soni ya namna hiyo haimtoki mtu anapokuwa mzima, bali huzidi, kwa sababu kadiri mtu anavyokuwa na uwezo ndivyo anavyozidi kuwa na watu wa kuwastiri.

Tukikubali hayo, tumepata kipimo. Soni iliyo njema humzuia mwenye nguvu asiitumie nguvu yake vibaya, nayo humfunika mnyonge. Soni iliyo mbaya humnyamazisha mnyonge, nayo humwachia mwenye nguvu afanye atakavyo. Kwa kipimo hicho tuangalie mambo machache ya taifa letu.

Wakoloni walijua kutumia soni ya pili. Tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kueleza kwamba miongoni mwa maovu yote ya ukoloni hakuna lililozidi jaribio la kutufanya tuamini kwamba hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe, au kwamba tulionao haufai kitu na ni wa kuonewa haya. Ndiyo sababu aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tuangalie vizuri alichokikataa. Alikataa watu kuona haya kwa ngoma zao, nyimbo zao na lugha zao, yaani kuona haya kwa kuwa walivyo. Hakukataa watu kuona haya kwa dhuluma na uvivu. Haya ya kwanza ni mzigo uliotwikwa na mwingine, na ya pili huota moyoni mwa mtu mwenyewe.

Nayo hiyo ya pili ndiyo tunayoihitaji katika utumishi wa umma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi, na mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi watangaze mali zao. Sheria ni kitu chema, lakini hufika baada ya ushahidi. Mtunza ghala aliye peke yake na ufunguo, karani aliye peke yake na mhuri, mbele yao hakuna hakimu wala shahidi. Pale kinachomzuia mtu ni soni tu, na asipokuwa nayo twasema ana macho makavu. Zamani pumzi ya majirani ingemfikia. Lakini watu wametoka vijijini. Tangu miaka ya 1930 vijana wa Unyakyusa walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, na leo watoto wa Kyela wako Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, wakiishi na majirani wasiojua hata ukoo wao. Mahali pasipo na majirani wa kunong'ona, hapana budi mtu awe na kijiji chake moyoni. Hiyo ndiyo kazi ya malezi, na ni kazi kubwa kuliko kutunga sheria.

Tugeukie soni inayonyamazisha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waliripotiwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera. Katika miaka iliyofuata ugonjwa uliwaua watu wengi, na Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa iliyoumia sana. Virusi viliua, na soni ikavisaidia: mtu aliona haya kupima, akaona haya kuonekana akichukua dawa, na jamaa wakaona haya kutaja jina la ugonjwa msibani. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mwezi Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipimwa hadharani wakati wa kuanzisha kampeni ya taifa ya upimaji. Jambo hilo lina maana kwa mada yetu. Mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote aliuweka uso wake mbele ili nyuso za wadogo zisione haya. Huko ndiko kumstiri mnyonge kwa njia ya kisasa.

Shuleni nako soni hiyo ina makazi. Msichana aliyeingia katika hedhi huona haya kumwambia mwalimu, akakaa nyumbani siku kadhaa za kila mwezi, na masomo yakampita. Mvulana aliyezoea Kinyakyusa nyumbani huona haya kusoma kwa sauti, akiogopa lafudhi yake itachekwa. Wote wawili wana haya, nayo haya yao si mbaya. Kibaya ni kile wanachokitazamia kutoka kwetu. Kama hawakutazamia kicheko, wasingenyamaza. Kwa hiyo hatuwaponyi kwa kuwaambia "usione aibu". Twawaponya kwa kuondoa kicheko.

Na hapa lazima tuseme neno juu ya fedheha, maana siku hizi imepewa mabawa. Simu iliyo mkononi mwa kijana yaweza kupiga picha ya mwenzake katika dakika yake ya unyonge na kuipeleka kwa maelfu ya watu kabla jua halijatua. Wapo wanaosema kwamba huko ni kuendeleza mila ya kuwatia haya wakosaji. Sivyo. Tumekwisha kuona kwamba pumzi ya watu wa Kyela ilitoka kwa majirani na ilikuwa na dawa. Pumzi ya simu hutoka kwa wasiomjua mtu, wasioweza kuja kula naye wakamaliza neno. Picha haizeeki, wala haina mahali pa kuungamia. Mvuliwa nguo huchutama, husema methali, lakini aliyevuliwa nguo mbele ya dunia nzima achutame wapi? Mwanafunzi anayeisambaza picha kama hiyo asijidanganye kwamba anacheka tu. Ameubomoa mlango wa kurudi wa mwenziwe.

Mlango huo wa kurudi ndio kipimo cha mwisho cha jamii yenye utu. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba akiwa shuleni aliondolewa, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata mimba, wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Wapo waliouliza kama kwa kufanya hivyo hatutaondoa haya miongoni mwa wasichana. Jibu letu ni lilelile la wazee wa pumzi ya watu: haya ambayo haimruhusu mtu kurudi haimlindi mtu yeyote. Tena tujiulize haya hiyo ilikuwa ikimwangukia nani. Msichana alibeba tumbo lililoonekana na kila mtu, na mwanamume aliyehusika akapita njiani na uso wake mkavu. Soni iliyomnyamazisha mmoja na kumwacha mwingine aende zake ndiyo ile tuliyokwisha kuiita mbaya. Waraka umeufungua mlango wa shule. Lakini waraka hauwezi kuufungua uso wa mwanafunzi mwenziwe anayemcheka siku ya kwanza ya kurudi kwake. Huo wafunguliwa na sisi.

Maneno hayo twayakusanya katika ubeti mmoja, kwa ajili ya wanafunzi wapendao kuhifadhi:

Soni ni ukuta mwema, ujengwao na mwenyewe,
Humsitiri mzima, mgonjwa asichekewe,
Fedheha yake hujuma, kutupia mtu mawe,
Muonyesheni huruma, mlango asifungiwe.

Sasa twaweza kulijibu swali tuliloanza nalo. Soni ni fadhila inapomfanya mtu awe na mpaka juu ya nafsi yake kwa ajili ya mwenzake, na ni kifungo inapomfanya awe na woga wa kudai haki yake, kuuliza swali lake au kutibu ugonjwa wake. Hizi mbili hukaa katika neno moja na mara nyingi katika moyo mmoja, kwa hiyo haifai kuing'oa soni yote kwa mkono mmoja kwa sababu tumechoshwa na nusu yake. Mkulima wa mpunga wa Kyela anajua kwamba magugu hufanana na mpunga yangali machanga. Hasubiri mpaka yatoe mbegu, wala hapalilii akiwa amefumba macho. Huinama akatazama shina kwa shina.

Nasi walimu tuiname vivyo hivyo. Kesho mwanafunzi atasimama darasani, atatazama chini, na neno halitamtoka. Mwalimu atakuwa na muda mfupi wa kuamua kama anaitazama haya inayomzuia mtoto asiwakatize wakubwa, au hofu ya kuchekwa. Ikiwa ni haya, amngoje, maana kungoja nako ni heshima. Ikiwa ni hofu, asimwangalie yeye. Awaangalie wale walioko nyuma yake, ambao wamekwisha kuanza kutabasamu.